Simbilisi wa mtoto hataki kutembea

SWALI: Daktari, habari za kazi. Mwanangu wa miaka tisa anafuga simbilisi wawili. Tunawapa chakula cha sungura cha dukani, pumba za mahindi na mkate kidogo. Wiki hii jike amejikunyata pembeni, hataki kutembea, na nikimshika miguu ya nyuma anapiga kelele. Nimeuziwa matone ya vitamini, nikayatia kwenye maji yao. Niwape chakula gani? Mama wa mtoto, Soweto, Moshi.

JIBU: Mama, pole sana. Kwanza mpeleke kwa daktari wa mifugo leo, kesho isipite. Simbilisi akiacha kula hata siku moja tu, tumbo husimama na anaweza kufa.

Kwa maelezo yako nashuku kiseyeye, yaani upungufu wa vitamini C. Sungura hujitengenezea vitamini hiyo mwilini. Simbilisi hawezi, kama sisi binadamu tusivyoweza. Lazima aile kila siku. Ndiyo maana chakula cha sungura, hata kiwe kizuri vipi, humshibisha tu. Wiki mbili tatu zikipita hivyo, magoti huvimba na kuuma, fizi huvuja damu, manyoya husimama ovyo. Mlinganishe jike na mwenzake, utaona tofauti kwenye magoti.

Matone yaache. Vitamini C ikikaa kwenye maji hupotea nguvu haraka, na ladha yake inaweza kumfanya asinywe kabisa. Wape maji matupu, safi. Kwa mgonjwa, daktari akishampima uzito, mara nyingi tunatoa nusu ya kidonge cha mg 100 cha vitamini C tupu kwa siku: kisage, changanya na maji kidogo, mnyweshe pembeni mwa mdomo kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Vidonge vya vitamini mchanganyiko usimpe, maana vitamini A na D zikizidi humdhuru.

Chakula chenyewe ni nyasi, mchana na usiku. Meno ya simbilisi hayaachi kuota maisha yake yote, na kutafuna nyasi ndiko kunakoyasaga. Pumba na mkate haviwezi kazi hiyo, tena wanga mwingi huvuruga tumbo. Huko kwenu akina mama wanapita kila asubuhi na mizigo ya majani ya ng'ombe. Omba konzi mbili, au kata ukoka mbali na barabara na mashamba yaliyopigwa dawa. Kama hawajazoea majani mabichi, anza kidogo kidogo.

Juu ya nyasi, kila siku kila mmoja apate kipande cha pilipili hoho, kama robo ya tunda. Simbilisi mzima anahitaji mg 10 hadi 30 za vitamini C kwa kila kilo ya uzito wake, na gramu 100 za hoho la kijani zina takriban mg 80. Kata wakati wa kulisha, lisikae limekatwa. Sukuma wiki jani moja moja, si kila siku, kwa sababu ya mawe ya kibofu. Pera lina vitamini C kuliko chungwa, lakini lina sukari: kipande chembamba mara mbili kwa wiki.

Majani ya parachichi ni sumu kwao, na Moshi miparachichi iko kila ua, kwa hiyo mwonyeshe mtoto. Majani ya viazi mviringo na nyanya vilevile. Lusina, mti ambao majani yake ng'ombe anayala vizuri, kwao hunyonyoa manyoya.

Nakusihi pia usimpe amoksilini ya duka la dawa. Huua bakteria wazuri wa tumboni, na nimeona simbilisi wakifa kwa kuhara baada ya dozi ya huruma.

Kama yule mwingine ni dume, jike huenda ana mimba, na mimba huongeza mahitaji yake ya vitamini C; mwambie daktari kabla hajamgusa. Yule wa pili naye mwanzishie hoho leo hii, maana wamekula sahani moja.