Kabla hujajenga stoo ya uani, pima kwanza vitu vitakavyokaa humo

Nimejenga stoo ya nyuma ya nyumba mara mbili, ya kwanza 2019 na ya pili 2022, zote hapa hapa Goba, Dar es Salaam, uwanja ule ule, na ile ya kwanza iliniharibia vitu ambavyo hata nikiwa na hela siwezi kuvinunua tena. Naandika kwa ajili ya mtu ambaye sasa hivi ana lundo lake chini ya mwembe amelifunika turubai, anawaza wikiendi akatafute mbao ajipigie mwenyewe. Wazo ni zuri kabisa, ila usianze na mbao.

Marehemu baba alikuwa seremala, nikaachiwa sanduku lake, randa mbili za mbao na moja ya chuma, patasi, keekee, misumeno, tupa, na timazi lake la shaba. Nikaliweka kwenye stoo ya kwanza. Sasa stoo yenyewe nguzo nilizichimbia moja kwa moja kwenye udongo, sakafu mchanga wa kushindilia tu, paa karibu limelala, na kwa kuogopa wezi na mvua nikaziba kila upenyo. Masika ya pili nafungua sanduku nikute randa ya chuma imeshikwa na kutu mpaka kisu hakichomoki, na zile za mbao, juu unaona nzima, ukizigeuza chini ni ganda tu, ukiminya kidole gumba kinaingia. Mchwa walipanda ndani ya nguzo, wakapita nyuma ya ubao, wakaingia kwenye sanduku kwa chini, na muda wote huo nje sijaona kitu. Nililia siku ile.

Kwa hiyo mara ya pili nilianza na vitu. Nilitoa kila kitu nikakitandaza uani, jembe, reki, toroli, ndoo za rangi, pumba ya kuku, ngazi, sanduku la baba, nikapima kimoja kimoja na kuandika kwenye daftari. Na hapo hapo majibu yakaanza kuja yenyewe. Ngazi yangu ina futi 12, stoo niliyokuwa nawaza ni futi 10 kwa 8, kwa hiyo ngazi haiingii, itaning'inia nje ukutani chini ya paa, na hiyo inamaanisha paa lizidi ukuta kidogo upande ule. Toroli nalo, mlango wa kwanza ulikuwa futi mbili na nusu, linapita, lakini vidole vyako vinachubuka kwenye fremu kila siku, mara hii nikaweka futi tatu na nusu. Ukishajua hayo unakuwa unajenga kitu chenye sababu, maana ukijenga kwanza halafu ndo uanze kupanga, utaishia kuegesha vitu mlangoni na ndani katikati kuko wazi.

Mahali pa kuijenga, wengi tunabandika kwenye ukuta wa fensi ili kuokoa upande mmoja. Usifanye hivyo. Acha angalau mita moja mtu apite, kwa sababu mchwa wanajenga vile vijia vyao vya udongo ukutani na lazima uwe na pa kupita na tochi uvione, halafu maji ya paa lako yasiende kwa jirani, na siku ya kupaka rangi utashukuru. Goba ni vilima, uwanja wangu una mteremko, nikasubiri mvua moja kubwa inyeshe nikasimama na mwavuli kuangalia maji yanapita wapi, ndo nikachagua upande wa juu. Na kabla ya kuchimba nilipita ofisi ya serikali ya mtaa nikauliza utaratibu, hilo lilichukua asubuhi moja tu.

Kupima mraba nilifundishwa na mzee mmoja jirani, fundi ujenzi mstaafu. Nilikuwa nimeshapiga vigingi na kamba najiona nimemaliza, akasimama pale fensini.

"Shikamoo baba."

"Marahaba binti yangu. Hiyo kona inakudanganya."

Akaingia, akaniambia toka kwenye kona pima futi 6 kwenye kamba hii weka alama, futi 8 kwenye kamba ile weka alama, sasa pima toka alama mpaka alama. Isome 10 kamili. Yangu ilisoma 10 na inchi tatu. Ni ile tatu nne tano ya mafundi, umeizidisha mara mbili tu, na kadiri vipimo vinavyokuwa virefu ndivyo kosa linavyoonekana. Baada ya hapo ukague kona kwa kona, zile mbili za mshazari lazima zilingane, kwa futi 10 kwa 8 zinakuja karibu na futi 12 na inchi 10. Tulisogeza vigingi karibu saa nzima nikiwa na hasira ya kimya kimya, lakini mabati yalipofika yalilala sawa bila kukata hata moja.

Sakafu ya zege inchi 4. Chini kuna mawe na moramu iliyoshindiliwa, juu yake nailoni ngumu ya kuzuia unyevu kupanda, halafu zege la moja mbili nne, yaani ndoo moja ya simenti, mbili za mchanga, nne za kokoto. Kwa ukubwa huo ilikula mifuko mitano ya kilo 50. Maji weka kidogo kidogo, zege jepesi kama uji linapendeza kumwaga ila likikauka linakuwa dhaifu na linapasuka. Halafu funika magunia ulowanishe asubuhi na jioni siku saba. Hizo siku saba watu wengi hawana subira nazo, mimi sakafu ya banda la kuku niliiharakisha, leo ukifagia inatoa vumbi.

Juu ya zege nikajenga kozi mbili, yaani mistari miwili, za tofali za inchi 6 kuzunguka, ukiacha mlango, ndo mbao zikaanzia hapo, kama nusu mita toka chini. Huu ndo uamuzi ninaoupenda kuliko yote kwenye stoo hii. Mchwa wa ardhini wakitaka kupanda inabidi wajenge njia ya udongo juu ya tofali, na tofali zangu nimezipaka chokaa nyeupe makusudi, kijia kikitokea kinaonekana kama mstari wa kalamu. Dawa ya mchwa nilimwagia pia kwenye udongo kabla ya mawe, nimevaa glavu na barakoa, ila dawa huisha nguvu, kuangalia ndo hakuishi. Kwenye kozi ya juu niliacha mapengo sita nikayajaza zege na kuzamisha bolti, mbao ya chini ikakaa juu yake na kipande cha nailoni katikati, nati zikakaza.

Mbao nilinunua za Mafinga, inchi mbili kwa nne kwa fremu na moja kwa nane za kuvalisha nje, nimezilaza kama magamba ya samaki, ya juu inapanda ya chini inchi moja. Nunua zilizotiwa dawa, zile zenye ukijani. Na hapa naomba unisikilize vizuri. Dawa inayotumika sana kwenye mbao za kijani ina shaba, kromu na aseniki. Aseniki ni sumu. Ukikata mbao vaa barakoa, na vipande vinavyobaki visiende jikoni hata kimoja. Mama jirani alikuja kuniomba vile vipande awashie jiko, kwa nia njema kabisa maana vilikuwa lundo, nikamwambia dada hivi siwezi kukupa, moshi wake na majivu yake ni sumu, chakula cha watoto kitapikiwa juu ya hivyo. Hakujua, na hata mimi miaka mitatu nyuma nilikuwa sijui. Nikampa yale maranda ya mbao za kawaida nilizotumia kwenye meza.

Paa. La kwanza lilishuka nusu futi tu kwenye futi nane, maji yakawa yanarudi nyuma kwenye maungio na kudondoka ndani. Safari hii mbele ni futi nane na nusu, nyuma saba, linashuka futi moja na nusu, na bati la futi 10 linafika mwisho likizidi ukuta karibu inchi 11 kila upande, ndo sababu nilichagua upana wa futi 8 toka mwanzo. Chukua geji 28 kama unaweza, kwenye geji namba ikiwa ndogo bati ni nene zaidi, na la geji 30 ukilikanyaga vibaya linabonyea. Pandisha bati juu ya bati mgongo mmoja na nusu, na ule mdomo wa maungio ugeuke usitazame upepo, kwetu kusi ndo inasukuma mvua. Msumari wenye mpira unapigwa kwenye mgongo wa bati, sio bondeni, maana bondeni ndo maji yanapita. Kenchi nazo zifunge na ukuta kwa chuma bapa, msumari peke yake hauzuii upepo kunyanyua paa.

Ile kutu ya randa ya baba haikutokana na mvua tu. Bati usiku linapoa, hewa ya ndani yenye unyevu ikiligusa inageuka maji, asubuhi unakuta matone yamejipanga kwa ndani yanakudondokea. Dar hii hewa imejaa unyevu mwaka mzima. Dawa yake ni hewa ipite, kwa hiyo chini ya paa mbele na nyuma nimeacha upenyo wa inchi nne, nimeuziba kwa waya wa chuma wa matundu madogo, panya hapiti, hewa inapita. Na zana za chuma zinapakwa oili nyepesi kwa kitambaa kila ukimaliza kazi, dakika mbili tu.

Mlango ufungukie nje. Bawaba na komeo usizifunge kwa skrubu ambazo mtu mwenye bisibisi anazitoa akiwa nje, weka bolti zinazopenya mbao, nati ziwe ndani. Halafu weka na kitasa cha kufungulia ukiwa ndani. Mtoto wa dada yangu aliingia kwenye ile ya kwanza akicheza kombolela, mwenzake akasukuma komeo akakimbia, tulimkuta baada ya kama nusu saa, jasho linamtiririka na sauti imekauka kwa kulia. Bati na jua la saa nane mchana, fikiria mwenyewe.

Ndani sasa. Meza ya kazi kimo chake simama wima, mikono ilegee, pima toka sakafuni mpaka kwenye kifundo cha mkono wako, hapo ndo juu ya meza panapotakiwa. Yangu imekuja sentimita 82. Meza ya baba ilikuwa ndefu kwangu, nilikuwa naumia mabega nikidhani kupiga randa ndo kulivyo. Jiriwa, ile ya kubania kazi mezani, ifunge juu ya mguu wa meza, ukiifunga katikati meza inatetema. Shelfu za kina cha futi moja zinatosha, zikiwa pana zaidi vitu vya nyuma unavisahau. Na kati ya nguzo na nguzo za ukuta kuna nafasi ya kina cha inchi nne inayopotea bure, pigilia vibao vyembamba, panakaa makopo ya maziwa ya unga yenye misumari na skrubu. Ukutani kila kifaa kina msumari wake na nimekizungushia mstari wa makapeni, kikikosekana naona umbo lake tupu. Pumba iko kwenye pipa la plastiki lenye mfuniko, la sivyo ungekuwa unafuga panya.

Dawa za mchwa, thina, na sumu yoyote, shelfu ya juu kabisa kwenye kikabati chenye kufuli, na kwenye chupa zake zile zile zilizokuja nazo. Usimimine kwenye chupa ya soda wala ya maji, hata kwa siku moja, hata kama unakaa peke yako, kwa sababu siku wageni wakija mtoto hajui kusoma alama uliyoiandika kwa peni. Petroli mimi silazi kabisa mle ndani.

Kitu kimoja tu sikufanya kwa mikono yangu, umeme. Niliita fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, akavuta laini yake peke yake toka kwenye mein swichi, waya wa milimita 2.5 kwa soketi na 1.5 kwa taa, umezikwa ndani ya bomba, na una breka yake. Nilitamani sana kujifanyia, nikajizuia.

Randa ya chuma ya baba nilipeleka kwa fundi, tukailoweka dizeli siku nne, kisu kikachomoka, kimebaki na vidoa vyeusi ila kinakata. Iko ukutani juu ya jiriwa. Sasa hivi nimebakiza gata ya nyuma, nimeshapima, futi 10 na kipande kidogo cha kuingia kwenye simtanki, na nataka iwe imekaa kabla ya vuli.