Kabla Hujamtoa Mwanao Nyumbani: Nasaha za Mshauri wa Afya ya Akili, Unguja

Mara nyingi anayefika kwangu mwanzo si kijana mwenyewe bali ni mama yake. Huja peke yake, katika saa ambayo majirani wamo kwenye shughuli zao, na hutumia muda mrefu kunieleza juu ya presha yake na usingizi uliompotea kabla hajalifikia lililomleta: mwanawe wa kiume amesema kwamba ndani ya nafsi yake yeye ni mwanamke, au binti yake amekata nywele, hataki tena mtandio na anataka aitwe kwa jina la kiume. Swali lake huwa ni moja, mwanangu kapatwa na nini, na nyuma yake lipo jingine analoogopa kulitamka, nalo ni kwamba yeye mama kakosea wapi. Ninaandika haya kwa ajili yake, kwa ajili ya wazee wengine wa Unguja na Pemba waliomo katika mtihani huo, na kwa ajili ya watoto wao, nikiegemea kazi ya ushauri nasaha niliyoifanya hapa kwa miaka mingi. Mifano nitakayoitoa nimeichanganya na kuibadilisha ili asitambulikane mtu yeyote.

Jibu ninalompa mama huyo ni kwamba mwanawe hana maradhi ya akili kwa sababu tu ya kujitambua hivyo. Shirika la Afya Duniani lilipopitisha toleo la 11 la orodha yake ya maradhi mwezi Mei 2019, toleo lililoanza kutumika Januari 2022, liliiondoa hali hii katika sura ya maradhi ya akili na kuiweka katika sura inayohusu afya ya kijinsia. Humo inaelezwa kuwa ni kutowiana kulio dhahiri na kunakodumu baina ya jinsia anayoihisi mtu na ile aliyohesabiwa nayo alipozaliwa. Sijaona ushahidi wowote wa kitaalamu unaoonyesha kwamba mama huisababisha kwa kumdekeza mtoto, au baba kwa kuwa safarini, na huwa ninalisema hili kwa sauti na kulirudia, kwa kuwa mzazi anayejilaumu hukimbilia kuadhibu.

Toleo hilo hilo linatahadharisha jambo ambalo wazee wanahitaji kulisikia, kwamba mwenendo peke yake hautoshi. Mtoto wa kiume anayependa kukaa jikoni na bibi yake wakikuna nazi, au msichana anayecheza mpira na kaka zake, hajawa transijenda, yaani mtu anayejihisi kuwa wa jinsia isiyo ile aliyohesabiwa nayo alipozaliwa, kwa hilo, na kwa mtoto mdogo hali yenyewe hutakiwa iwe imedumu kiasi cha miaka 2 kabla mtaalamu hajaipa jina. Kwa hiyo usiharakishe kumpa mtoto jina, na usiharakishe kumpiga. Suala la huntha, yaani mtu aliyezaliwa na viungo visivyobainika kuwa vya kike au vya kiume, ni jengine kabisa. Hilo ni la mwili, huanzia kwa daktari, na mafakihi wamelijadili kwa karne nyingi.

Basi ikiwa kujitambua huko si maradhi, kwa nini vijana hawa wananijia wakiwa wamekonda, hawalali, na wengine wakiwa na makovu mikononi? Mwanasaikolojia Ilan Meyer, katika maandiko yake ya mwaka 2003 yaliyowahusu watu wenye mapenzi ya jinsia moja, alieleza kwamba kundi linalotengwa hubeba mzigo wa ziada juu ya dhiki za kawaida za maisha, na watafiti waliokuja baada yake wakauona mzigo huo huo kwa transijenda. Kuna yale anayotendewa mtu, kama matusi, kipigo na kufukuzwa. Kuna kuyatarajia hata siku ambazo hayatokei. Kuna kazi ya kujificha, ambayo haina mapumziko. Na mwisho, kwa maoni yangu ndilo baya kuliko yote, kuna kuyaamini yale yanayosemwa juu yako mpaka ukawa wewe mwenyewe ndiye unayejitukana.

Katika visiwa vyetu mzigo huo una sura yake, kwa sababu maisha ya kila siku yamegawika kwa jinsia kuliko tunavyotambua sisi ambao mgawanyo huo hautuumizi. Skuli kuna sare ya mvulana na sare ya msichana, chuoni kuna upande huu na upande ule, msikitini kuna safu za wanaume na mahali pa wanawake, harusini wanawake wana siku yao na wanaume wana yao, na jioni barazani hukaa wanaume wakinywa kahawa. Kijana anayehisi kwamba amewekwa upande usio wake hukumbushwa jambo hilo tangu alfajiri hadi usiku, bila ya mtu yeyote kukusudia ubaya. Nimekutana na kijana aliyekuwa akiumwa na tumbo kila lilipoingia kumi la mwisho la Ramadhani. Walimpima vidonda vya tumbo, wakampa dawa, na haikumpitikia mtu kumwuliza juu ya kanzu ya sikukuu iliyokuwa kwa fundi, ambayo angepaswa kuivaa asubuhi ya Idi na kupita nayo nyumba kwa nyumba akipongezwa kwa kuwa mwanamme mzima. Wengine hupanda boti katika bandari ya Mkoani, Pemba, kuja mjini Unguja kwa matumaini ya kutojulikana, kisha wakagundua kwamba hapa nako kila mtu ana ami au shangazi anayemjua mtu. Usiri unaoishi nao katika mahali padogo namna hii huuchosha mwili kikweli, na ndio unaozaa sehemu kubwa ya sonona na wasiwasi ninaoutibu.

Wazee wakishajua, hatua ya kwanza ya wengi huwa ni kumsomea. Mimi sigombani na dua. Mtoto anayesomewa na baba yake kwa huruma, au anayepewa kombe, yaani maji yaliyooshewa maandishi ya Qurani, na bibi anayempenda, aghalabu hatoki hapo ameumia, na huenda akatoka akijua kwamba nyumba yake bado inamtaka. Ninachokikataa kwa nguvu zangu zote ni kumpiga kwa jina la kumtoa shetani, kumfungia chumbani, kumnyima chakula, kumwoza kwa lazima kwa dhana ya kwamba ndoa itamtengeneza, na kumtoa nyumbani. Mwaka 2021 Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani kilitoa azimio la kuzipinga juhudi za kubadilisha utambulisho wa jinsia wa mtu, kwa kuwa zinadhuru na hazina ushahidi wa kufaa, na yale niliyoyashuhudia kwa waliolazimishwa hayatofautiani na azimio hilo.

Baba mmoja baada ya mwengine huniambia kwamba dini haimwachii nafasi ya kumpenda mtoto wa namna hii. Mimi si mufti, na fatwa si kazi yangu, lakini huwakumbusha kwamba Imamu Nawawi, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu ya Shafii yanayofuatwa na wengi wetu, aliyefariki mwaka 1277, aliwagawa wanaume wenye mwenendo wa kike katika mafungu mawili: aliyeumbwa hivyo pasi na kujikalifisha, ambaye alisema hana lawama wala dhambi, na anayejitia kwa makusudi, ambaye ndiye mwenye kulaumiwa. Nchini Iran, ambako wengi ni Mashia, Ayatullah Khomeini, aliyekuwa kiongozi wa nchi hiyo, alitoa katika miaka ya 1980 fatwa ya kuruhusu matibabu ya kubadili jinsia baada ya kuombwa na Maryam Khatoon Molkara, mwanamke transijenda wa huko. Maulamaa wengi wa Kisunni hawakubaliani na ruhusa hiyo, na sidai kwamba maneno ya Nawawi yanamaliza kila suala la leo. Ninachotaka baba akione ni kwamba wanavyuoni walilitazama jambo hili kwa utulivu na kwa kupambanua, na kwamba hakuna aya inayomwamuru amtupe mwanawe barabarani.

Kwa upande wa utafiti, yaliyopatikana yanaipa familia uwezo mkubwa kuliko inavyodhani. Mwaka 2009 Caitlin Ryan na wenzake huko San Francisco walichapisha matokeo kuhusu vijana wenye mapenzi ya jinsia moja au mbili, yakaonyesha kwamba waliokataliwa sana na familia zao walikuwa na uwezekano mara 8.4 zaidi wa kuwa wamejaribu kujiua kuliko waliokataliwa kidogo au ambao hawakukataliwa. Mwaka 2018 Stephen Russell na wenzake waliwatazama vijana transijenda 129 na kukuta kwamba kijana aliyeweza kutumia jina alilolichagua katika mazingira mamoja zaidi, tuseme nyumbani kuongezea kwa marafiki, alikuwa na mawazo ya kujiua pungufu kwa asilimia 29. Jina tu. Na sisi watu wa visiwani tuna mila ya majina ya nyumbani ambayo hayamo katika cheti chochote cha kuzaliwa. Familia isiyoweza kulitamka jina jipya yaweza angalau kutafuta jina la nyumbani ambalo halimchomi mtoto, nami nimeona nyumba ambamo hatua hiyo ndogo ilimrudisha kijana mezani kula na wenziwe.

Mzazi haombwi aelewe kila kitu wala akubali kila kitu kwa siku moja. Ninamwomba ahakikishe kwamba mtoto analala ndani, anakula, anaendelea na skuli, na kwamba ndugu wakubwa hawamgusi. Ninamwomba pia azuie habari isitoke, kwa sababu stara ambayo tunaijua vizuri na kuienzi ndiyo inayomfaa mtoto huyu, na mjomba mwenye hasira akishaambiwa hakuna atakayeweza kumfanya asijue tena.

Lililo la haraka kuliko mengine ni kujiua. Kwa vile sote tumelelewa tukijua kwamba ni haramu, kijana wa hapa mara chache atasema wazi kwamba anataka kujiua. Atasema natamani Mungu anichukue, au natamani nilale nisiamke, au ataanza kugawa vitu vyake na kuomba radhi kwa watu. Ukisikia au ukiona hivyo, mwulize waziwazi na kwa upole kama anafikiria kujitoa roho, na kama ameshafikiria namna ya kufanya. Kumwuliza hakumtii fikra hiyo kichwani. Humwonyesha kwamba lipo sikio linaloweza kulibeba neno hilo. Akikubali, usimwache peke yake, ondoa dawa, sumu na kamba zilizo karibu, na mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Kwa mjini Unguja ipo Hospitali ya Kidongo Chekundu inayotibu maradhi ya akili. Si lazima umweleze daktari habari ya jinsia mlangoni. Kuokoa uhai kunatangulia.

Kwa washauri wenzangu nina neno moja. Mteja wa namna hii anapoingia, usianze kwa udadisi wa mwili wake wala kwa waadhi. Mwulize usingizi, chakula, usalama na mauti. Usiandike katika faili jambo ambalo karani akilisoma litamfikia jirani, usimpigie simu kupitia ndugu, na usimpangie miadi siku ambayo mtu wa mtaa wake yumo katika foleni. Asiyeweza kuilinda siri ni bora asiipokee.

Nawe kijana, simsukumi mtu yeyote kujitangaza. Sheria ya Adhabu ya Zanzibar, Namba 6 ya mwaka 2018, inavihesabu vitendo vya mapenzi baina ya watu wa jinsia moja kuwa kosa, na ingawa kujitambua na tendo ni mambo mawili mbalimbali, wengi mitaani hawayatenganishi. Kwa hiyo chunga picha na ujumbe ulio katika simu yako. Usijitibu kwa vidonge vya uzazi wa mpango vya dukani, kwa kuwa vingi vina ethinilestradioli, homoni ya kike ya kutengenezwa, inayozidisha hatari ya damu kuganda. Ukiwa umeshavitumia na mguu mmoja ukavimba na kuuma, au ukakosa pumzi ghafla, kimbilia hospitali na useme ulichokimeza. Anayebana kifua ili matiti yasionekane asitumie bendeji za kuvutika, asizidishe muda wa saa 8 kwa siku, asilale akiwa amekibana, na katika joto letu la Machi aache mara tu anapohisi maumivu au kukosa pumzi.

Mtafute mtu mmoja, na usianze na yule unayemwogopa. Msikilize kwanza anavyozungumza juu ya watu wengine waliofikwa na fedheha, kwani hapo utajua kama ana huruma, na usimweleze mkesha wa Idi wala mkiwa na ugomvi. Uwe tayari na mahali pa kulala na nauli endapo mambo yatageuka. Ukishakaa naye, mweleze kabla ya yote unavyolala na unavyokula, na kama umewahi kutamani kufa mwambie na hilo, kwa sababu hilo linahitaji msaada siku hiyo hiyo, na mazungumzo juu ya jinsia yanaweza kuendelea katika wiki na miezi itakayofuata.