Shokapu za mbele zinagonga: anza na springi kabla ya oili

Kaka, unasema una kilo 95, unaendesha pikipiki ya Yamaha DT125, na kila ukiingia shimoni shokapu za mbele zinagonga mwisho. Fundi anataka kuongeza oili tu. Mimi ningeanza na springi, maana ndiyo inayobeba uzito wako, oili haibebi.

Inua gurudumu la mbele lining'inie, pima bomba linalong'aa, kisha panda na mavazi yako yote ya safari, mwenzako apime tena. Shokapu zikididimia zaidi ya theluthi ya mwendo wake (umbali wote zinaoweza kushuka), springi ni laini kwako. Badilisha zote mbili.

Springi ikikufaa na bado zinagonga kwenye mashimo makubwa tu, hapo oili inasaidia. Chomoa springi, pampu hadi hewa itoke, shusha shokapu mpaka chini kabisa, pima kutoka mdomo wa bomba hadi oili. Pandisha oili milimita 5 kila mara, pande zote mbili sawa. Hewa iliyobaki juu ndiyo inayobanwa mwishoni. Ukiipunguza mno, presha inapanda na sili (mipira inayozuia oili isitoke) zinaanza kuvuja. Na tafadhali, usikubali uwekewe oili ya injini.