Usisukutue leo, subiri kesho

Pole dada. Umesema umeng'olewa gego la chini asubuhi, mate bado yana wekundu, na shangazi anakuhimiza usukutue maji ya chumvi sasa hivi. Mwambie asubiri hadi kesho. Kwenye lile tundu damu inaganda na kuufunika mfupa. Ukisukutua, ukitema kwa nguvu, ukivuta soda kwa mrija au sigara ndani ya saa 24 za kwanza, unaweza kulibandua lile bonge. Mimi nilipong'olewa langu nilijidai mjuzi, nikanywa juisi ya miwa kwa mrija siku ileile. Siku ya tatu maumivu yakapanda hadi sikioni, panadol haikufua dafu, na mdomo ukanuka hadi mwenyewe nikausikia. Nikarudi, daktari akasafisha tundu na kutia dawa yenye harufu ya karafuu. Usiku huo nililala.

Mate mekundu kidogo siku ya kwanza si ajabu. Ila damu ikichuruzika, kunja gozi safi (kile kitambaa chepesi cha kufungia vidonda), iweke juu ya tundu na uiume nusu saa nzima bila kuchungulia-chungulia (hapo ndipo wengi tunaharibu). Isipokata, rudi kwa daktari leo leo. Aspirini ya maumivu usiguse, inachelewesha damu kuganda. Uji uwe vuguvugu tu. Na kama ganzi haijaisha usile kwanza; mdogo wangu alijitafuna mdomo bila kujua, ukavimba kama andazi.