Jibu: Kipima mapigo ya moyo kwa farasi wa safari ndefu, ninunue?

Ndugu, umeuliza mambo mawili: kama ununue kipima mapigo kabla ya ile safari ya kilomita 40, na mbona hicho ulichoazima kinasoma 76 wakati farasi amesimama tu zizini anatafuna nyasi. Naanza na la pili, maana naona ndilo linalokunyima usingizi.

Farasi mzima aliyetulia moyo wake hupiga kati ya 28 na 44 kwa dakika. Sasa gawa 76 kwa mbili: unapata 38. Moyo wa farasi unapopiga, hutoa wimbi la pili la umeme lililo kubwa, na vipima hivi hulihesabu kama pigo jingine, hasa mapigo yakiwa chini. Hakikisha kwa stetoskopu, kile kifaa cha daktari cha kusikilizia moyo: ibane nyuma ya kiwiko cha kushoto, mkanda wa tandiko unapopita, hesabu sekunde 15 kisha zidisha kwa 4. Zile sauti mbili, du-dup, ni pigo moja. Ukipata 38, mashine ndiyo inayokudanganya. Ukipata 76 kweli, achana na sisi wa mtandaoni, mwite daktari wa mifugo.

Namba zikirukaruka ovyo, mara nyingi ni ukavu. Kipima kina elektrodi mbili, vipande vinavyonasa umeme wa moyo: moja hukaa chini ya tandiko upande wa kushoto, nyingine kwenye mkanda wa tumbo. Saisi (mtunza farasi) wetu hapa Jinja huloweka sponji kwenye maji ya chumvi, anasugua kinyume cha nywele mpaka ngozi ionekane imelowa, ndipo anafunga. Farasi akishatoa jasho, shida hiyo huisha yenyewe.

Njiani usikikodolee macho kipima. Kwenye mbio ndogo utaona kama 110 hadi 140, mlimani zaidi. Boda ikipiga honi nyuma yenu mapigo yanapaa bila farasi kuchoka hata kidogo.

Namba ya maana ni ile ya baada ya kusimama. Kwenye mashindano ya kimataifa ya safari ndefu farasi haruhusiwi kuendelea mpaka mapigo yashuke hadi 64 ndani ya muda uliowekwa, na wapo wanaotolewa hapo. Aliye vizuri hushuka upesi dakika mbili tatu za mwanzo, kisha polepole. Akiganda kwenye 80 hivi wakati wenzake wamefika 60, jiulize: joto, upungufu wa maji, au kuna mahali panamuuma? Kwato lenye jiwe hupandisha mapigo kabla hujaona anachechemea. Huku kando ya Nile hewa ina unyevu, jasho halikauki, kwa hiyo usimwagie ndoo moja ukaridhika. Mwaga, kwangua maji, mwaga tena, huku amesimama kivulini penye upepo.

Kuna kipimo kingine madaktari wa mbio hizi hukipenda. Pima mapigo, anzisha saa huku unamkimbiza mita 38 kwenda na 38 kurudi, dakika moja ikitimia pima tena. Yakiwa sawa au chini ya mwanzo, endeleeni. Yakizidi kwa 4 au zaidi, mwili unalalamika hata kama macho yake yanang'aa.

Kwetu Uganda kuna jambo ambalo watu wa Ulaya hawalitaji: mbung'o. Farasi mwenye nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, hupungukiwa damu, na moyo hufidia kwa kupiga haraka. Ukiwa na daftari la wiki kadhaa, njia ileile, mwendo uleule, utaona mapigo yanapanda hata kabla hajakonda. Kwa sababu hiyo peke yake, mimi ningenunua. Ila stetoskopu nunua kwanza, ni rahisi zaidi na haihitaji chaji. Ukishaijua, agiza kipima chenye mkanda wa farasi, si ule wa wanariadha wa kuungaunga, na mpime kila asubuhi kabla hajalishwa.