Maswali na majibu: Hija ya kikundi kwenye maeneo matakatifu ya kale ya Ireland

Mwezi uliopita niligusia safari yetu ya watu kumi na mmoja kwenda Ireland, kwenye makaburi ya mawe, visima na mabonde ambayo watu wameyaheshimu tangu enzi za Wakelti, watu wa kale wa Ulaya, na hata kabla yao. Barua zimekuja nyingi. Leo najibu sita.

Kikundi chetu cha sala kina siku nane. Wakala ametupangia vituo kumi na vinne: Ireland, Uskoti na Wales. Tumkubalie? (Msomaji, Arusha)

Msimkubalie. Kwa ratiba hiyo mtashinda mkishuka kwenye basi, mkipiga picha na kupanda tena. Kaeni Ireland tu, na mchague maeneo matatu: kaburi la mawe la Newgrange katika kaunti ya Meath, Kildare mji wa Mtakatifu Brigid, na Glendalough katika milima ya Wicklow. Yote hayako mbali na Dublin. Glendalough, bonde lenye maziwa mawili alikoishi mtawa Kevin karne ya 6, lipeni siku nzima. Sisi tulifika mapema, mabasi hayajaja, ukungu bado umelala juu ya maji. Hakuna aliyetuambia tunyamaze, lakini tulinyamaza. Na kama kwenu kuna aliyebatizwa na mapadri wa Kiltegan, wale wa Turkana, ajue Kiltegan yenyewe iko kaunti hiyohiyo ya Wicklow. Shirika lao la Mtakatifu Patrick lilianzishwa huko mwaka 1932.

Shikamoo. Wakala mwingine anataka malipo ya ziada ili tuingie Newgrange alfajiri ya 21 Desemba, jua linapopenya ndani. Tulipe? (Msomaji, Mombasa)

Marahaba. Msilipe hata senti. Nafasi za alfajiri hizo hutolewa kwa bahati nasibu, na kuingia kwenye bahati nasibu hiyo ni bure. Hakuna wakala mwenye nafasi za kuuza.

Nakuelewa kwa nini unaitaka siku hiyo. Newgrange ilijengwa yapata mwaka 3200 KK, kabla ya piramidi za Giza. Juu ya mlango wake kuna tundu lililopangwa kwa mawe. Katika siku fupi kuliko zote za mwaka, jua likichomoza, mwanga hupita kwenye tundu hilo, hufuata ujia wa mita 19 na kufika chumba cha ndani. Hukaa hapo dakika 17 hivi. Mwanaakiolojia Michael O'Kelly alijionea mwenyewe mwaka 1967, akiwa amesimama gizani peke yake. Lakini mawingu yakitanda, hata mshindi wa bahati nasibu haoni kitu.

Nendeni siku ya kawaida. Anzieni kituo cha wageni, maana ndiko basi la kuwapeleka linakotokea, na mkate tiketi mapema. Mle ndani mwongoza wageni huzima taa. Giza lilikuwa zito hata mkono wangu sikuuona. Kisha mstari mwembamba, rangi ya kiini cha yai, ukatambaa sakafuni ukafika miguuni pa mama mmoja wa kikundi chetu, naye akaisogeza miguu nyuma taratibu, kama anayempisha mtu. Ilikuwa taa ya umeme ya kuigiza jua la Desemba, na wote tulijua. Tulitoka bila kusemezana.

Jambo moja ninalolisisitiza: Newgrange haikujengwa na Wakelti wala makuhani wao. Lugha za Kikelti zilifika kisiwani zaidi ya miaka elfu moja baadaye. Waliokuja waliikuta, wakaipa miungu yao na hadithi zao. Wajenzi walikuwa wakulima ambao hata majina yao hayakubaki, na inaniuma kila ninaposikia kazi yao ikipewa wengine.

Nina viza ya Uingereza kwenye pasipoti ya Kenya. Inatosha kuingia Ireland? (Msomaji, Nairobi)

Haitoshi. Ireland ina viza yake, na viza ya Schengen nayo haisaidii. Wa Tanzania vilevile. Mkitaka kuvuka kwenda Armagh, mji wa Patrick ulioko Ireland ya Kaskazini, barabarani hamtaona kizuizi, lakini mtakuwa mmeingia Uingereza na viza yake itahitajika.

Mama ana miaka 68 na goti linamsumbua. Anataka kupanda mlima wa hija wa Croagh Patrick pekupeku. (Msomaji, Kisumu)

Mweleze kwa upole kwamba mlima una mita 764 na sehemu ya juu ni kokoto zinazoteleza. Kushuka ndiko kunakoumiza zaidi. Kwenda pekupeku ni hiari ya mtu, wengi hupanda na viatu. Mwanzoni mwa njia kuna sanamu ya Patrick; akae pale na rozari yake, ninyi mpande. Jumapili ya mwisho ya Julai umati ni mkubwa, msimpeleke siku hiyo.

Mimi ni mlokole. Kisimani kwa Brigid watu hufunga vitambaa mtini. Hiyo si mizimu? (Msomaji, Dodoma)

Swali lako ni la haki. Brigid wa Kildare anakumbukwa kama mkuu wa watawa, lakini Wairishi wa kale walikuwa na mungu wa kike wa jina hilohilo, na sikukuu ya mtakatifu, 1 Februari, ndiyo siku yao ya kale ya kufungua majira ya kuchipua. Karne ya 12 padri na mwandishi Gerald wa Wales aliandika juu ya moto wa Kildare uliolindwa na watawa usizimike. Ulizimika baadaye, na masista wa Brigid wakauwasha tena mwaka 1993.

Aliyeona vitambaa kwenye mizimu ya Pemba hatashangaa Kildare. Mtini niliona soksi ya mtoto mchanga, rozari, utepe wa mkononi wa hospitali. Sikuona ushirikina, niliona watu wenye wagonjwa. Hakuna atakayekulazimisha kufunga kitu. Simama, omba kwa imani yako. Ila usicheke wala usipige picha ya mtu anayelia. Kwenye kaya za Wamijikenda mgeni hufungwa kaniki na kuvua viatu, na heshima ile ile ndiyo unayotakiwa kwenda nayo kule.

Mama yangu alifariki mwaka jana. Naweza kufunga pale kipande cha kanga yake? (Msomaji, Tanga)

Pole sana, mwanangu. Unaweza. Desturi ya zamani ni kuchovya kitambaa kisimani, kupangusia panapouma, kisha kukifunga. Kadiri kinavyooza, maumivu nayo huondoka. Kwa hiyo kiwe pamba tupu, maana nailoni haiozi na hukaba tawi mpaka linakufa. Kata ukanda mwembamba kama kidole, kwenye pindo, na ufunge kwa kulegeza. Upande wenye jina usiuguse. Huo urudi nao Tanga.