Kabla hujaingia barabarani na gitaa lako

Vijana wanaonipigia simu kutoka Tanga na Dar huanza na swali lilelile: kaka, unatumia gitaa gani? Nawajibu, kisha nami nawauliza: ukifika mji usioujua, nani atakulipa, na saa ngapi? Hapo huwa kimya.

Mimi nimekulia kwenye muziki wa dansi, nikipiga gitaa la ridhimu. Nilipohamia Memphis, Marekani, nikachukuliwa na bendi ndogo ya bluzi, muziki wa Wamarekani Weusi, watu watatu na gari moja, nikakaa nao barabarani miaka sita. Jukwaani tulikuwa dakika 90 kwa usiku. Saa zilizobaki ndizo zilizoamua nani ataendelea na kazi na nani atauza gitaa lake.

Nianze na pesa. Usiku mmoja tulishuka kusini kwa barabara namba 61, zaidi ya kilomita 100, hadi kwenye mji mdogo wa Delta ya Mississippi. Makubaliano yalikuwa ya mdomo: nusu ya kiingilio. Ukumbi ukafurika. Saa saba usiku mwenye ukumbi akaweka noti chache juu ya kaunta, akasema wengi waliingia bure. Sisi hatukuwa tumehesabu mtu hata mmoja, tungembishia nini? Tukarudi tukichangishana mafuta. Tangu siku hiyo kuna mtu wetu mlangoni, ana kihesabio kidogo cha kubonyeza kwa kidole gumba. Na kila makubaliano huandikwa, hata kwa ujumbe wa simu wa mistari mitatu: kiasi gani, saa ngapi, nani analipa. Ukumbi tusioujua hutoa nusu ya malipo kabla hatujashusha amplifaya. Anayekasirikia sharti hilo, mwache, amekuokolea safari.

Halafu gari. Watu humsifu B.B. King, mpiga gitaa mashuhuri wa bluzi, kwa jinsi alivyoliliza gitaa, na wana haki. Lakini mwaka 1956 mtu huyo alipiga maonyesho 342 ndani ya mwaka mmoja, na hayo yote yalipita kwenye magurudumu. Mwaka 1958 basi la bendi yake likapata ajali mbaya Texas wakati bima haifanyi kazi, akabaki na deni lililomwandama kwa miaka. Kama jina kubwa vile liliyumba, mimi na wewe je? Soma tarehe ya bima kabla ya kubadilisha nyuzi.

Gitaa lisilale garini. Nililiacha humo usiku mmoja wa baridi kali ya Januari, nje ya nyumba ya kulala wageni, asubuhi shingo imepinda na nyuzi zinagonga freti, vile vyuma vya shingoni. Ukisafiri kwa ndege ndani ya Marekani, kanuni iliyoanza kutumika 2015 inakuruhusu kuingia nalo ndani kama bado kuna nafasi unapopanda. Kwa hiyo jitahidi uwe miongoni mwa wa kwanza kupanda.

Sasa masikio, na hapa naomba unisikilize vizuri. Sikio langu la kushoto, upande niliosimama karibu na matoazi ya dramu, lina mluzi mwembamba. Ulianza usiku mmoja Chicago, nikadhani utaisha nikilala. Mpaka leo upo, hata ninapoandika haya. Wataalamu wa afya kazini wa Marekani wanaweka kikomo cha desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 85 kwa saa 8, na kila zinapoongezeka desibeli 3, muda salama unakatika nusu. Zikifika 100, una dakika 15 tu. Klabu ndogo yenye dari fupi hufika huko bila taabu. Nunua vizibo vya masikio vya wanamuziki, vile vinavyopunguza sauti bila kuifunika, uvivae tangu mazoezini. Hakuna kitu nilichochelewa kukijua kikaniuma kama hiki.

Kula na kulala unajua mwenyewe.

Jukwaani, mtoto wa dansi atashika bluzi haraka: mzunguko wa vipimo 12 vya mapigo, kodi (noti zinazopigwa kwa pamoja) tatu, mara nyingi. Shida yetu ni kwamba kwetu ridhimu haikatiki. Bluzi ni kuitana na kuitikiana. Mwimbaji anasema, gitaa linajibu, na anayejaza kila upenyo anamkatiza mwenzake. Mimi nilijaza kila upenyo kwa miezi mitatu. Siku moja mazoezini mzee wetu wa dramu akaweka fimbo zake chini, akaja kusimama mbele yangu. Mwimbaji alipoanza mstari, mzee akalaza kiganja juu ya nyuzi zangu, akakishikilia pale. Mstari ulipoisha, akakiinua. Nikapiga noti nne. Mstari wa pili ulipoanza, akakirudisha.